Risasi (ile metali ya betri, si ya bunduki) ikishaingia kwenye damu inakaa wapi? Uzi kwa waliowahi kupewa majibu ya "haikuonekana"

#1 Fundi Darubini (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Naandika kirefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa 19 huu nachungulia damu za watu. Jirani yangu ni fundi betri. Si wa kuchaji tu: hupasua betri za magari zilizokufa, huyeyusha sahani za risasi za ndani kwenye karai, kisha humimina chubwi za nyavu na kuwauzia wavuvi. Kazi yote anaifanyia uani, na uani huo huo ndiko anakochezea mwanawe wa miaka minne.

Mtoto alianza kulalamika tumbo. Choo siku tatu nne hakipati. Viganja vikawa vyeupe, michezo akaacha. Dawa ya minyoo alipewa mara mbili. Mimi ndiye niliyewaambia wazazi: kampimeni risasi. Wakaenda maabara moja hapa mjini, siitaji, wakalipa hela si haba, wakarudi na karatasi: risasi haikuonekana. Mama mtu akashukuru Mungu. Mimi nikamuuliza kitu kimoja tu: "Shemeji, chupa waliyomtolea damu ilikuwa na kifuniko cha rangi gani?"

"Chekundu."

Basi ndiyo maana nimefungua uzi.

Damu ya chupa ya kifuniko chekundu huachwa igande, ikazungushwa kwenye mashine, yale maji ya juu (seramu) yakapimwa, donge la seli nyekundu likatupwa. Sasa risasi iliyomo kwenye damu ya mtu, zaidi ya asilimia 95, na mara nyingi kama 99, imo ndani ya seli nyekundu. Mwizi katolewa nje kwa heshima, halafu nyumba ndiyo ikapekuliwa.

Kesho nitaeleza imo ndani kwa namna gani, maana watu hudhani inaelea humo kama mchanga kwenye maji. Haielei. Imeshikwa.

#2 Mla Ugali wa Jana

Naweka kambi. Mkuu usije ukapotea kama wale wengine.

#3 Fundi Darubini

Nimerudi.

Kwanza mlango. Seli nyekundu haitobolewi. Kwenye ngozi yake kuna protini inayopitisha kloridi na bikaboneti, ndiyo inayosaidia kubeba kaboni dayoksaidi kutoka mwilini hadi mapafuni. Risasi hujishikiza kwenye kaboneti na kupita mlango huo huo, kama mtu aliyeingia harusini kwa kufuatana na ndugu wa bwana harusi.

Ikishaingia inatafuta salfa. Hapa ndipo penye siri ya metali nzito karibu zote: risasi, zebaki, kadimiamu, aseniki, kila moja ina uchu wa salfa. Na ndani ya protini salfa ipo tele kwenye asidi amino iitwayo sisteini. Wanakemia walilijua hili zamani sana. Miaka ya 1830 Mdenmark mmoja, William Christopher Zeise, alizipa kemikali zenye mkono wa salfa na haidrojeni jina la "merkaptani", kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "kikamata zebaki". Aliita kwa kuona tabia, kabla ya mtu yeyote kujua sisteini ina kazi gani mwilini.

Salfa inayoipendeza risasi kuliko zote kwenye seli nyekundu imo kwenye kimeng'enya kinachoitwa kwa kifupi ALAD. Kazi yake ni kuchukua molekuli mbili za kemikali iitwayo ALA na kuziunganisha, hatua ya mwanzo mwanzo ya kutengeneza himu, ile pete yenye chuma inayoipa damu wekundu. ALAD ina vipande 8, na katika kila kipande mahali pa kazi pamekaliwa na zinki, imeshikwa na sisteini 3. Risasi inafika, inaing'oa zinki, inakaa yenyewe. Tena inashikwa kwa nguvu kuliko zinki ilivyoshikwa.

Sasa fikiria daladala ambayo dereva kashushwa na kwenye kiti chake limepandishwa gunia la mkaa. Kiti hakiko wazi. Gari haliendi.

Kinachofuata ni foleni. ALA haiunganishwi tena, inarundikana kwenye damu na kumwagikia kwenye mkojo. Na ALA si takataka ya kimya: umbo lake linafanana na GABA, kemikali inayotuliza neva, kwa hiyo neva huchanganyikiwa. Kuna ugonjwa wa kurithi, pofiria ya ghafla, ambao nao hurundika ALA, na wagonjwa wake hulia tumbo na kufunga choo vile vile kama mwenye risasi. Kwa hiyo tumbo la yule mtoto halikuwa la minyoo.

Mwishoni mwa mstari huo huo wa uzalishaji kuna kimeng'enya kingine, ferochelatasi, chenye kazi ya kuingiza chuma katikati ya pete. Risasi inakivuruga nacho. Chuma kikikosekana pale katikati zinki inaingia badala yake, na pete hiyo yenye zinki ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno inang'aa nyekundu. Kuna mashine ndogo za kupima mng'ao huo kwenye tone moja la damu. Seli nyekundu huishi kama siku 120, kwa hiyo mng'ao unakusimulia ya miezi mitatu minne iliyopita.

Na la tatu ni la kwangu mimi wa darubini. Seli changa inapokua inatakiwa ivunje RNA yake (nakala za maelekezo ya kutengeneza protini) na kusafisha mabaki. Kipo kimeng'enya cha usafi huo, na risasi inakizima. Mabaki yanabaki. Ukipaka damu kwenye kioo, ukaitia rangi, unaona seli zimetapakaa vidoa vya buluu kama kanga ya vitone. Nilimchoma mtoto kidole mwenyewe, nikapaka kioo, nikakaa. Vidoa hivyo huweza kutokea hata kwa mwenye talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa hiyo si hati ya mashtaka. Ila nilipoviona nilifunga darubini nikaenda kugonga mlango wa jirani saa tatu usiku.

#4 BintiKemia

Mkuu heshima yako, umeeleza vizuri mno. Naongezea kidogo, mimi nasoma baiokemia mwaka wa tatu.

Vitabu vingi vya zamani viliandika kuwa risasi ndani ya seli imeshikwa na himoglobini. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo, maana himoglobini ndiyo imeijaza seli. Lakini mwaka 1997 watafiti wa Sweden walitenganisha protini za seli nyekundu moja moja na kufuatilia risasi imebaki na nani, wakaikuta sehemu kubwa iko kwa ALAD. Protini chache, lakini ndiyo yenye kiti kizuri. Himoglobini ni uwanja wa taifa uliojaa watu, ALAD ni jukwaa dogo la wageni maalumu, na risasi ilikuwa kule jukwaani muda wote.

Jingine: ALAD si ya aina moja kwa binadamu wote. Kuna aina ya kwanza na ya pili, tofauti yao ni asidi amino moja tu. Wenye aina ya pili huikumbatia risasi zaidi, kwa hiyo wakikaa kiwanda kimoja na wenzao, kipimo cha damu yao huonyesha namba kubwa zaidi.

Swali langu kwako sasa. Kama imeshikwa kwa nguvu hivyo na seli inaishi siku 120, mbona tunafundishwa kuwa risasi kwenye damu hupungua nusu kwa kama siku 35 tu?

#5 Fundi Darubini

BintiKemia, hilo swali lingemkosesha usingizi mwalimu wangu.

Kushikwa kwa nguvu si kufungwa pingu. Kila wakati kuna chembe chache zinazoachia kiti, zinatoka nje kwenye maji ya damu, nyingine zinaingia. Ile asilimia moja ya nje ndiyo inayotembea: inapitia figo, inaingia ubongoni, na zaidi ya yote inaingia mifupani, maana mfupa huidhania kuwa kalsiamu. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote ya mwilini imo mifupani, kwa mtoto kama 70, na huko hukaa miaka na miaka. Kwa hiyo damu inapungua kwa sababu mzigo umehamia stoo.

Na viti vya ALAD vina idadi. Vikijaa, sehemu ya risasi inayobaki nje inaongezeka kwa kasi kuliko namba ya jumla inavyopanda. Ndiyo maana mtu akitoka 20 hadi 60 (mikrogramu kwa desilita ya damu) hajawa mbaya mara tatu tu.

#6 Tabibu Asilia Halisi

Ndugu zangu mnapoteza muda na mashine za wazungu. Limau, kitunguu saumu na mlonge siku 7 damu inakuwa safi kama ya mtoto mchanga. Njoo inbox, tunatuma mikoa yote.

#7 Fundi Darubini

Tabibu, mtoto mdogo wa jirani yangu ndiye huyo mwenye risasi, kwa hiyo mfano wako umekosea nyumba.

Nitakutendea haki: kitunguu saumu kina salfa, hilo sibishi. Lakini tazama kazi iliyopo. Risasi imekaa kwenye kiti kinachoshikwa na salfa tatu kwa pamoja. Wa kuishawishi iondoke ni mwenye mikono zaidi ya mmoja. Dawa iitwayo DMSA ina salfa mbili zilizosimama jirani, zikiikamata metali kwa pamoja kama koleo. Babu yake ni BAL, iliyotengenezwa Oxford wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kuwaokoa askari na gesi ya sumu yenye aseniki. Haikubuniwa kwa kubahatisha. Rudolph Peters na wenzake walianza kwa kutambua kuwa aseniki hushika salfa mbili za jirani kwenye protini, wakatengeneza chambo chenye salfa mbili za jirani.

Na hizo dawa zenyewe si peremende. Marekani kati ya 2003 na 2005 walikufa watu watatu, wawili wao watoto, baada ya kupewa mshipani EDTA ya kutoa metali, kalsiamu ya damu ikaporomoka. Ipo EDTA iliyokwisha kubeba kalsiamu yake na ipo isiyobeba, majina yanafanana. Kama hospitali wanaweza kukosea, inbox je?

#8 Mla Ugali wa Jana

Hahaha "umekosea nyumba". Tabibu kajibu kwa kimya.

#9 Kijana wa Mwalo

Habari wakuu. Mimi niko Geita, mchimbaji mdogo. Sisi risasi hatuna, tuna zebaki. Tunakamatia dhahabu kwa mikono mitupu kwenye beseni, halafu tunachoma kaboshi (lile donge la zebaki na dhahabu), moshi unatupitia. Wazee wa hapa wanasema kunywa maziwa asubuhi. Wengine wanasema pombe kali ndiyo inakata zebaki. Kuna ukweli? Na damu zetu zimeshikwa kama hivyo mnavyosema?

#10 BintiKemia

Kaka, pole na kazi. Nijaribu mimi, mzee atanirekebisha.

Zebaki zina sura tofauti na kila moja na tabia yake kwenye damu. Yako wewe ni mvuke. Mvuke ukivutwa, kama asilimia 80 unabaki mwilini. Hauna chaji, kwa hiyo hupenya utando wa seli nyekundu bila kuomba mlango. Mle ndani kuna kimeng'enya katalasi, ambacho huugeuza uwe zebaki yenye chaji, na hiyo ndiyo inayoshika salfa za protini na kutulia. Tatizo ni kwamba kugeuzwa huko kunachukua muda, na damu kutoka mapafuni kufika ubongoni ni sekunde chache. Mvuke ambao haujageuzwa unapenya ubongoni kirahisi, unageuzwa kule kule, kisha hautoki.

Sasa pombe. Wanaosema inapunguza zebaki kwenye damu wameona kitu cha kweli wakakisoma kinyume. Pombe huizuia katalasi. Mvuke mwingi zaidi haugeuzwi, kiasi fulani unapumuliwa nje, na damu ikipimwa namba inashuka. Lakini mvuke usiogeuzwa ndio ule ule unaoingia ubongoni. Kwa wanyama wa maabara, ukiizuia katalasi sehemu ya zebaki inayofika kwenye ubongo hupanda.

Maziwa ni chakula kizuri. Mvuke haupitii tumboni, kwa hiyo hayakutani nao.

Kwako kipimo kinachofaa ni mkojo. Na kuchomea kwenye kifaa kilichofungwa, kile chenye bomba linalorudisha mvuke kuwa kimiminika, unapata zebaki yako tena mkononi, hela hiyo.

#11 Fundi Darubini

Sina cha kurekebisha. Naongeza ndugu mwingine wa hiyo zebaki kwa watu wa pwani: ile ya samaki wakubwa, papa na jodari na wenzao, inaitwa methili zebaki. Hii ndiyo mpenzi wa seli nyekundu hasa. Ndani ya seli inakuwa kama mara 20 ya iliyo kwenye maji ya damu. Inashika himoglobini kwenye sisteini iliyo nafasi ya 93 ya mnyororo wa beta (mmoja wa minyororo inayoiunda), na inashika glutathioni, ile molekuli ndogo ya salfa inayolinda seli. Ajabu yake ni kwamba fundo lake na salfa ni imara kupindukia, lakini inabadili mikono upesi mno, salfa moja inaikabidhi nyingine kama kijiti cha mbio za kupokezana. Ikishikwa na sisteini iliyo huru inafanana na methionini, asidi amino ya chakula, na mlinzi wa mlango wa ubongo anaifungulia. Iraki msimu wa 1971 na 1972 watu walikula mkate wa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu yenye kemikali hiyo. Waliolazwa hospitali walikuwa 6,530, na 459 kati yao walifariki.

Halafu kichekesho cha maabara: panya wa maabara ana sisteini ya ziada kwenye himoglobini yake, ya 13 kwenye mnyororo wa alfa, ambayo sisi hatuna. Aseniki ikiingia kwenye damu yake inanasa pale na kukaa muda mrefu ajabu. Kwa hiyo ukitaka kujua aseniki inatoka vipi kwenye damu ya binadamu, panya ni shahidi wa uongo asiye na nia mbaya.

#12 Mwana wa Jomvu

Salamu kutoka Mombasa. Hii mada mwaizungumza kama elimu, kwetu ni msiba. Owino Uhuru mwaijua? Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipakana ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alifanya kazi hapo, akaja kugundua mwanawe ana risasi kwenye damu, akaanza kupiga kelele mpaka kikafungwa 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira. Mahakama ya mazingira ikaamua 2020 watu walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikapangua, Mahakama ya Juu ikarudisha Disemba 2024. Miaka yote hiyo watu wazeeka na risasi mifupani. Hayo ya stoo ya mifupa, Fundi, ndiyo yaliyonikaa rohoni. Hivi mama aliyekuwa mtoto wakati ule, akishika mimba leo, ile stoo hufunguka?

#13 Fundi Darubini

Ndugu wa Jomvu, hufunguka. Mimba na kunyonyesha huvuta kalsiamu kutoka mifupani, na risasi hutoka pamoja nayo, ikapita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kula kalsiamu ya kutosha hupunguza kiasi hicho. Hakumalizi.

#14 Mama Tausi

Samahanini, mimi si wa sayansi. Nina mjukuu tunampaka wanja wa manga tangu siku ya saba, na mkwe wangu mjamzito anakula udongo, zile pemba za sokoni. Nimeambiwa damu yake ndogo. Nisome wapi kama ni risasi au ni kukosa chuma?

#15 Fundi Darubini

Shikamoo mama. Ulichouliza hata wataalamu kinawakoroga.

Ile pete yenye zinki niliyoitaja hupanda kwa risasi, na hupanda pia kwa mtu aliyepungukiwa chuma, maana kwa yote mawili pete imekosa chuma pale katikati. Kwa hiyo mng'ao peke yake hautenganishi. Tena mawili haya yanashikana mkono: utumbo uliokosa chuma huongeza milango ya kuvuta chuma kwenye chakula, na risasi hupita milango hiyo hiyo. Mwenye damu ndogo kwa kukosa chuma hufyonza risasi zaidi. Mkwe apimwe vyote viwili, chuma na risasi, na vidonge vya chuma alivyopewa kliniki asiviache. Udongo auache hata kama unanukia mvua.

Wanja: mawe mengi ya wanja wa manga ni galena, yaani risasi yenyewe iliyoungana na salfa. Mtoto hupangusa jicho, kidole kinaenda mdomoni. Mama, naomba uuweke kando, hata kama wewe ulipakwa.

#16 Mama Tausi

Marahaba mwanangu. Nimeuweka kabatini. Nitautupa kesho.

#17 BintiKemia

Mleta uzi, mtoto wa jirani vipi?

#18 Fundi Darubini

Tulirudia kipimo, safari hii damu nzima kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ikatoka 52, mikrogramu kwa desilita. Marekani mtoto akifika 3.5 wanaanza kumfuatilia, Shirika la Afya Duniani linasema 5 tafuta chanzo, na 45 kwenda juu mtoto hupewa dawa. Ukipiga hesabu, kwenye seramu ya mtoto mwenye 52 unategemea kama nusu mikrogramu au chini yake. Kwa mashine ya kawaida hiyo ni sifuri. Wale wa maabara ya kwanza hawakusema uongo. Walipima maji.

Alipewa DMSA hospitali siku 19, ndivyo ulivyo mpangilio wake. Ikashuka mpaka 21, baba mtu akachinja kuku. Wiki tatu baadaye ikapanda 34. Alinijia amekasirika, akidhani dawa ni feki. Nikamchorea chini kwa kijiti: hii damu, hii mifupa. Umemwaga maji ya ndoo, tangi bado linatiririka kwenye ndoo. Viti vya ALAD vikiachwa wazi, risasi ya mifupani inakuja kuvikalia. Duru ya pili inawezekana ikahitajika, na haina maana kama uani bado kuna karai.

Karai limehama. Udongo wa juu wa uani tumeuchota yeye na mimi, tukaufunika chini ya zege nyuma ya karakana yake mpya, mbali na nyumba. Nguo za kazi hazivuki tena mlango.

Jumatatu tunamtoa damu tena. Chupa ya zambarau naenda nayo mwenyewe mfukoni.

#19 Mla Ugali wa Jana

Tupe mrejesho mkuu. Kambi bado iko.